Jasho la Hiari na Jasho la Haja: Thamani ya Safari ya Baiskeli Kandokando ya Mto

Swali la thamani ya taabu ya mwili ni la zamani katika falsafa na katika dini, na safari ya baiskeli kandokando ya mto huliweka wazi kuliko shughuli nyingi. Miguu ni ile ile, chombo ni kile kile, umbali ni ule ule. Lakini kwa familia moja kilomita 50 ni mapumziko, na kwa nyingine ni mzigo. Familia ya Ulaya huomba likizo na kulipa fedha ili ipate siku ya kutoka jasho. Familia ya Ankoro, mji mdogo wa Kongo, hutoka jasho hilo kwa sababu bila hilo hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna ada ya shule. Kama jasho ni jema, kwa nini la huku huitwa umaskini? Kama ni baya, kwa nini la kule huitwa furaha? Ili kujibu, sharti zitazamwe kwanza safari zenyewe, kisha yale ambayo wanafalsafa, vitabu vya dini na mapokeo ya Waluba wa Kongo yamefundisha juu ya njia, kazi na pumziko.

Safari ya Ankoro

Ankoro ni mji mdogo wa eneo la Manono, katika jimbo la Tanganyika la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lenye makao makuu yake Kalemie. Jimbo hilo liliundwa mwaka 2015 jimbo la Katanga lilipogawanywa. Mji umekaa pale ambapo mto Luvua, utokao ziwa Mweru, huingia katika Lualaba unaokuja kutoka bonde la Upemba na kuelekea kaskazini. Luvua huleta maji ya Chambeshi, Bangweulu na Luapula, na wataalamu wanaopima urefu wote wa mto Kongo, karibu kilomita 4,700, hufuata mkono huo hadi chanzo chake Zambia. Chini ya Ankoro iko Kabalo, mahali ambapo reli ya kwenda Kalemie ilikamilika mwaka 1915. Wakati wa ukoloni meli za mvuke zilipita sehemu hiyo ya mto na kuunganika na reli. Baada ya miaka mingi ya vita na uchakavu, reli na meli hazitoshi tena. Mitumbwi na boti kubwa za mbao ziitwazo balenieri zimebeba sehemu ya kazi hiyo. Sehemu nyingine imebebwa na baiskeli, ambayo watu wa Katanga huiita kinga.

Baiskeli ya mizigo haipandwi, husukumwa. Fimbo hufungwa kwenye usukani ili msukumaji aongoze huku akitembea kando. Fimbo nyingine husimamishwa nyuma ya kiti, na hiyo ndiyo ya kusukumia. Uma wa mbele huongezewa vyuma, keria hutengenezwa upya kwa fundi wa kuchomelea, na mipira ya ndani iliyochakaa hukatwa kuwa kamba za kufungia. Juu yake hupangwa bidoni za mafuta ya mawese, magunia ya mihogo mikavu au ya mahindi, au vikapu vya samaki waliokaushwa kwa moshi. Mzigo wa kilo 100 ni wa kawaida, na wapo wanaozidisha sana. Penye mchanga msukumaji huinama hadi kifua kikaribie magunia. Penye mteremko kazi hugeuka: mzigo sasa ndio unaomvuta, naye huuzuia kwa visigino.

Baiskeli hiyo hiyo, ikishushwa mzigo, huwa chombo cha familia. Siku ya ibada baba hukanyaga, mama huketi kwenye keria miguu yote upande mmoja, mtoto mchanga yuko mgongoni mwake, na mkubwa hukaa juu ya bomba la fremu mbele ya baba. Hivyo ndivyo wengi huenda kanisani, msibani na kwenye kituo cha afya. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba huku kuna kazi tupu na kule kuna furaha tupu.

Safari ya Danube

Danube ni mto wa urefu wa kilomita 2,850 hivi, na hupita katika nchi kumi. Kandokando yake kuna mojawapo ya njia za baiskeli zinazopendwa sana Ulaya: ile ya kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, hadi Vienna, karibu kilomita 320. Ni kipande cha njia ndefu iitwayo EuroVelo 6, ya zaidi ya kilomita 3,600, inayoanzia pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa na kuishia Bahari Nyeusi.

Siku ya familia katika njia hiyo ina mpango wake. Mtoto mdogo huketi ndani ya kigari kinachovutwa nyuma ya baiskeli ya mzazi. Mkubwa hukanyaga yake mwenyewe. Nguo na chakula viko kwenye mifuko ya pembeni. Njia kwa sehemu kubwa ina lami, haina milima mikali, na anayekwenda Vienna hushuka pamoja na maji. Mchana hula kwenye nyasi za ukingoni, pengine huvuka kwa kivuko kinachochukua watu na baiskeli zao. Kati ya Melk na Krems hupita bonde la Wachau, lenye mashamba ya mizabibu na majumba ya kale, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Jioni hufika nyumba ya wageni ambako chumba kimekwisha kuwekwa. Miguu inauma, lakini maumivu hayo yenyewe huhesabiwa kuwa sehemu ya faida ya siku.

Njia hiyo ina historia inayohusu swali hili moja kwa moja. Sehemu yake kubwa hufuata njia ya zamani ya kukokotea mashua. Kabla ya meli za mvuke, farasi na wanaume walivuta mashua za mizigo kwa kamba kupanda mto, siku baada ya siku, na ajali za maji zilikuwa jambo la kawaida. Kampuni ya meli za mvuke ya Danube ilianzishwa Vienna mwaka 1829, na katika karne hiyo ukokotaji ukaisha. Njia ilibaki, na katika miaka ya 1980 ikapangwa upya kwa ajili ya baiskeli. Wajukuu wa wakokotaji hawakuzaliwa na miili iliyopenda taabu zaidi ya babu zao. Mashine iliwapokea mzigo, kipato kikawapa likizo, amani ikawapa usalama, na baada ya hapo jasho likarudi kwenye ukingo ule ule likiwa jambo la kuchagua. Katika Lualaba mambo yamekwenda kinyume: mashine ilikuja, ikachakaa, na mzigo ukarudi kwenye mabega ya watu.

Kipimo cha Aristotle na upungufu wake

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aligawa matendo katika makundi mawili. Yapo yanayofanywa kwa ajili ya kitu kingine, kama kujenga nyumba: muda wote wa kujenga tendo halijatimia, na likitimia limekwisha. Yapo pia yanayotimia kila dakika yanapofanyika, kama kuona, kufikiri na kuishi vema. Kwa kipimo hiki safari ya mizigo ni ya kundi la kwanza, kwa kuwa thamani yake yote iko sokoni. Safari ya likizo ni ya kundi la pili, kwa kuwa familia ikirudi ilikotoka haijapoteza chochote.

Kipimo hiki kinasaidia lakini hakitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, safari halisi huchanganya makundi yote mawili. Wasukumaji wa mizigo mara nyingi huenda kwa vikundi. Husaidiana kupandisha baiskeli penye kilima, hupeana habari za njia, hukoka moto mmoja usiku. Mema hayo hayangoji soko, yanatimia pale pale njiani. Nayo familia ya Danube haikosi malengo: kufika kabla ya giza, kulinda afya, kuwafundisha watoto uvumilivu. Pili, mapumziko ambayo Aristotle aliyaona kuwa kilele cha maisha yalitegemea watumwa. Raia wa Athens alipata muda wa kufikiri kwa sababu mtu mwingine alimlimia na kumbebea. Falsafa inayosifu tendo lenye thamani yake yenyewe bila kuuliza nani amebeba mzigo wake haijamaliza kazi.

Uwezo wa kukataa

Tofauti iliyo nzito zaidi haiko katika lengo la safari, iko katika uwezo wa kuikataa. Mvua huionyesha vizuri. Ikinyesha kutwa nzima katika bonde la Danube, familia huweza kulala siku moja zaidi au kupanda treni pamoja na baiskeli zake. Ikinyesha kati ya Ankoro na soko, samaki huanza kuharibika, deni la mzigo linabaki pale pale, na msukumaji huingia matopeni. Matope na uchovu huweza kulingana kabisa. Mlango wa kutokea ndio usiolingana.

Mbali zaidi ya haja kuna kulazimishwa, na kingo za mito yote miwili zimeshuhudia hali hiyo. Karibu na Linz, njia ya baiskeli ya Danube hupita Mauthausen, mji ambako Wanazi waliendesha kambi ya mateso kati ya 1938 na 1945. Watu wapatao 190,000 walifungwa katika kambi hiyo na matawi yake, na wasiopungua 90,000 walikufa. Katika machimbo ya mawe ya hapo wafungwa walipandishwa ngazi 186 wakiwa na vipande vya mawe mgongoni. Huku Kongo, katika Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kibelgiji uliwachukua wapagazi zaidi ya 200,000 kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki. Na Ankoro yenyewe, mwezi Novemba 2002, mapigano kati ya wanajeshi wa serikali na wanamgambo wa Mai-Mai yaliua raia wengi. Maelfu ya nyumba yalichomwa na watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Mwaka 2016 na 2017 mgogoro wa jamii za Watwa na Waluba uliwafukuza tena mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hilo. Katika siku kama hizo baiskeli hubeba godoro, sufuria na bibi kizee asiyeweza kutembea, na hakuna anayeweza kuiita safari hiyo njema kwa sababu tu mwili umefanya kazi.

Upande mwingine kabisa uko mfano wa Julius Nyerere, rais wa Tanzania. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, huku akiwa na magari ya serikali mkononi. Aliichagua taabu iliyokuwa haja ya wananchi wengi, na uzito wa tendo lake ulitokana na ukweli kwamba angeweza kutolifanya. Mfano huo unathibitisha kwamba jasho la hiari si anasa ya watalii peke yao. Laweza kuwa njia ya kujifungamanisha na wengine.

Mafundisho ya vitabu vya dini

Wengi huichukua hadithi ya Adamu katika kitabu cha Mwanzo kuwa uthibitisho kwamba kazi ni laana. Mpangilio wa hadithi yenyewe unasema vingine. Mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla ya kosa lolote. Kilichokuja baada ya kosa ni ardhi kumkatalia, miiba kumea, na mkate kupatikana kwa jasho. Kwa hiyo kazi ni ya uumbaji, na laana ni ule ukinzani unaomfanya mtu amalize nguvu zake kwa ajili ya kuishi tu. Jitihada ya mwili inapotolewa bila hofu ya njaa, hukaribia ile ya bustanini. Hii ndiyo sababu ya kidini ya kuheshimu siku ya familia inayokanyaga pedali kwa furaha: si upuuzi, ni kionjo cha kazi isiyo na miiba.

Lakini amri ya Sabato huweka sharti. Katika Kumbukumbu la Torati pumziko halikuachiwa mwenye nyumba tu. Limetajwa kuwa haki ya mtumwa, ya mjakazi, ya ng'ombe, ya punda na ya mgeni, na sababu iliyotolewa ni kwamba Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Pumziko la mmoja linalomnyima mwingine lake limekosa kuwa Sabato.

Uislamu, ambao katika jimbo la Maniema na kandokando ya Lualaba una wafuasi tangu misafara ya biashara ya karne ya 19, huunganisha mambo hayo mawili kwa namna yake. Qurani huwahimiza watu watembee katika ardhi na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Kusafiri ili kuona ni jambo linaloagizwa. Papo hapo sheria hukiri uchovu wa msafiri: huruhusiwa kufupisha sala na kuahirisha funga, na aliyekwama njiani ni mmoja wa makundi manane yanayostahili zaka. Njia husifiwa, na anayeichosha miguu yake juu yake huhesabiwa kuwa mtu mwenye haki juu ya jamii.

Njia katika fikra za Waluba

Waluba wa Katanga walikuwa na chombo kiitwacho lukasa, ubao wa mkononi uliopigiliwa shanga na makombe. Wanachama wa Mbudye, chama cha watunza historia ya ufalme, waliushika kwa mkono wa kushoto na kuugusa shanga baada ya shanga kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, huku wakisimulia. Shanga moja yaweza kuwa mfalme, kijiji, au mahali patakatifu. Mstari wa shanga waweza kuwa njia. Historia ya ufalme ilisomwa kama mwendo kutoka mahali hadi mahali, na msimulizi alibadilisha usemi wake kulingana na tukio na wasikilizaji. Katika masimulizi hayo utaratibu wa ufalme hauchipuki nyumbani. Huletwa na Mbidi Kiluwe, mwindaji msafiri aliyetoka mashariki, na huendelezwa na mwanawe Kalala Ilunga. Fundisho lake ni kwamba mtu hujijua kwa njia alizopita na kwa wageni aliowapokea.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alichapisha mwaka 1945 huko Elisabethville, leo Lubumbashi, kitabu juu ya falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Wabantu kuwepo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu ya mtu huongezeka au hupungua kulingana na uhusiano wake na wengine, walio hai na waliotangulia. Kwa mtazamo huo, swali la kumuuliza msafiri ni kama safari imemzidishia uhai yeye na wenziwe au imewapunguzia. Siku inayomrudisha baba nyumbani na watoto wakiwa wameshikamana zaidi imeongeza uhai, hata kama miguu imechoka. Siku inayouza mafuta lakini ikaharibu mgongo wa mtu wa miaka 30 imepunguza, hata kama fedha zimepatikana.

Tempels alikosolewa vikali, na ukosoaji mmoja ni muhimu hapa. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, mwaka 1950 alionyesha hatari ya kuwasifia Wabantu roho na heshima zao huku mishahara, nyumba na chakula chao vikiachwa vilivyo. Onyo hilo linamhusu kila anayeandika juu ya msukumaji wa baiskeli. Uvumilivu wake ni wa kweli, na mshikamano wa wenziwe ni wa kweli. Lakini kuvisifu bila kudai barabara ni kumlipa maneno mtu aliyestahili daraja.

Deni la furaha

Baiskeli yenyewe hubeba deni ambalo Kongo inalijua. Miaka ya 1887 na 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alimtengenezea mwanawe tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Lilikuwa tendo la upendo wa baba. Tairi hilo lilileta wimbi la baiskeli Ulaya na Marekani katika miaka ya 1890, familia zikatoka mijini kwenda kuona mashamba na mito, na mahitaji ya mpira yakapanda. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa hayajakomaa. Mpira ulitoka katika misitu, na sehemu yake katika Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambako wanavijiji walilazimishwa kuuleta kwa kushikwa mateka wake zao, kwa viboko, kwa kukatwa mikono na kwa kuuawa. Baada ya ripoti ya konseli wa Uingereza Roger Casement ya mwaka 1904 na kampeni ya mwandishi wa habari Edmund Morel dhidi ya ukatili huo, Ubelgiji iliichukua nchi mikononi mwa mfalme mwaka 1908.

Baba aliyempenda mwanawe hakuwa na hatia ya mikono iliyokatwa. Hata hivyo furaha ya wengi ilipita juu ya mateso ambayo hawakuyaona. Jambo hili halifanyi kila siku ya mapumziko kuwa dhambi. Linaonyesha kwamba wema wa safari haupimwi kwa hisia za msafiri peke yake. Lazima uulizwe pia kwa wale waliotengeneza chombo na njia.

Jibu

Kutokana na hayo yote, jasho la mwili haliwi jema wala baya kwa lenyewe. Huwa jema pale anayelitoa alipoweza kukataa, alipo na hakika ya kufika na kulala salama, na lilipowaongezea uhai walio pamoja naye bila kuwapunguzia walio mbali. Safari ya familia kwenye Danube hutimiza masharti mawili ya kwanza kwa urahisi, na ina wajibu wa kulichunguza la tatu. Safari ya Ankoro mara nyingi hutimiza nusu ya sharti la tatu kwa ukarimu mkubwa, lakini hukosa ya kwanza na ya pili, na upungufu huo haukuletwa na wanaosafiri.

Ivan Illich, mwanafikra aliyewahi kutumika kama padri, alieleza mwaka 1973 kwamba baiskeli humzidishia mtu mwendo bila kumnyang'anya mwingine nafasi, nguvu wala muda. Sifa hiyo huifanya kuwa chombo kinachofaa matajiri na maskini kwa pamoja. Kinachobaki si kuitupa baiskeli ya Ankoro wala kuionea haya ile ya Danube. Kinachobaki ni kuirudisha meli mtoni, treni relini na daraja juu ya kijito, ili mzigo wa kilo 100 ubebwe na mashine na mtu abaki na baiskeli yake kwa ajili ya shamba la karibu, ibada, ziara ya ndugu, na siku ya kutembea na watoto ukingoni mwa Luvua kwa sababu wamependa. Watu wa Ankoro hawahitaji kufundishwa kupenda njia. Wanahitaji kupewa uwezo wa kuichagua.